PTO inashika, taa inawaka, lakini bodi ya tipa haipandi

Dereva wa Zamu

Wakuu, naombeni msaada. Naendesha tipa ya tairi kumi. PTO, yaani kifaa kinachochukua nguvu kwenye giaboksi kuzungusha pampu, inashikishwa kwa upepo, na pampu ya haidroliki imefungwa moja kwa moja kwenye PTO, hakuna shafti ya propela katikati. Wiki ya tatu sasa inanitesa. Asubuhi ikiwa baridi bodi inapanda vizuri tu. Kufika safari ya tatu inapanda kwa kusuasua, inafika nusu inagoma. Nikiongeza resi inalia kama filimbi na jeki inayonyanyua bodi inatetemeka. Jana ndiyo imegoma kabisa: taa imewaka, injini inanguruma, bodi hata haikushtuka. Mchanga ulikuwa umeloa, tukaushusha kwa koleo mpaka giza likaingia.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Tangi la haidroliki naliongezea karibu lita tatu kila wiki, na chini ya gari pakavu. Nimepitisha kadibodi kwenye hosi zote, sijaona tone. Fundi kasema pampu imekufa, ninunue nyingine. Sawa, lakini mafuta yanakwenda wapi?

Spana17

Umefanya vyema kutumia kadibodi. Mafuta yenye presha yanapenya ngozi, kiganja kisikaribie kabisa.

Mkuu, taa isikudanganye. Inakwambia PTO imeshika, haikwambii kama shafti ya pampu inazunguka. Splaini, yale meno ya shafti, zikilika, PTO inazunguka pampu imetulia. Ichomoe pampu uyatazame meno. Ukikuta unga mwekundu kama kutu, jibu unalo. Na upepo je? Mtungi ukiwa chini ya baa 6 gia inaweza kushika nusunusu.

Fundi Mzee

Kijana, filimbi na kutetemeka ni hewa. Ukishazima tu, fungua kifuniko cha tangi utazame. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa kisha yakitulia yanarudi rangi yake, ni hewa. Yakibaki meupe mpaka kesho, ni maji. Hosi ya kunyonya nayo ikaguliwe. Upande ule haudondoshi kitu, unavuta hewa kimyakimya kwenye klempu, au mpira wa ndani umebanduka unaziba njia.

Kuhusu mafuta yanayopotea, usiwashe hilo gari kabla hujafungua nati ya kujazia ya giaboksi. Kati ya pampu na giaboksi kuna sili tu, mpira wa kuzuia mafuta. Sili ya shafti ya pampu ikikatika, haidroliki inaingia giaboksi na nje huoni chochote.

Mchanga Kokoto

Mimi yangu ilikuwa dhaifu hivyohivyo, nikakaza valvu ya kupunguza presha mizunguko miwili, ikapanda.

Fundi Mzee

Ndugu yangu, tafadhali usimfundishe mwenzio hivyo. Valvu ile ndiyo inayolinda hosi, jeki na pampu. Haiguswi bila geji. Funga geji inayofika baa 400, pima mafuta yakiwa baridi, kisha pima yakiwa moto, ulinganishe na kiwango cha mtengenezaji. Baridi ikifika na moto ikishuka, pampu imelika ndani: mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi, yanarudi nyuma kupitia pengo la gia. Na kama bodi ikiwa juu, hakuna kuingia chini yake bila kuweka nguzo ya kuizuia. Jeki siyo nguzo.

Dereva wa Zamu

Mzee, shikamoo. Nimefungua nati ya kujazia ya giaboksi nikiwa nimekinga karai. Haikudondoka, ilimwagika! Mafuta mepesi, yanateleza kama maji, siyo yale mazito ya giaboksi yanayonata vidoleni. Karai lilijaa nikakimbilia ndoo. Nikachomoa pampu: splaini nzima, unga mwekundu hakuna, lakini mdomo wa sili umechanika upande mmoja. Nikashika shafti kwa vidole viwili nikaitikisa, inacheza juu na chini.

Kwa hiyo fundi wa kwanza hakukosea kabisa, pampu ni mbovu. Ila angefunga mpya tu, ningeendelea kutembea na giaboksi yenye mafuta ya haidroliki.

Fundi Mzee

Marahaba. Shafti ikicheza, bushi zinazoishikilia zimekwisha, na sili mpya haitadumu. Badilisha pampu, kisha mwaga giaboksi lote, siyo kupunguza. Tazama sumaku ya nati ya kumwagia: tope laini la kijivu ni kawaida, vipande vyenye ncha siyo kawaida. Safisha tangi, weka chujio jipya, na jaza pampu mafuta kabla ya kuwasha.

Spana17

Ukiibandua PTO yenyewe, pima mchezo wa gia, yaani nafasi kati ya meno, kabla ya kukaza mwisho. Nyingi zinataka kama milimita 0.15 hadi 0.30, na unarekebisha kwa unene wa gasketi. Ikibana sana inalia, ikilegea inagonga.

Dereva wa Zamu

PTO sikuibandua, ni pampu tu. Kwenye sumaku nimekuta tope, vipande hakuna, nashukuru Mungu. Kosa langu nimeligundua pia: mara nyingi niliondoka kwenye eneo la kumwaga bila kuitoa PTO, pampu inazunguka bure njia nzima. Sasa natoa, nasubiri taa izime, ndipo naingiza gia.

Leo nimepiga safari sita. Mafuta ya tangi yako palepale nilipochora alama kwa chaki asubuhi.