Waliowahi kwenda Drive-In enzi za sinema za ngumi na damu, tupeane uzoefu

Mtoto wa Magomeni
Wakuu, jana usiku kijana wangu alikuwa anaangalia kwenye simu sinema ya zamani ya kung fu. Zile ngumi za "pwaa! pwaa!" zikanirudisha Msasani. Drive-In ya Dar, ile sinema ya uwanjani unayoitazama ukiwa ndani ya gari, ilifunguliwa 1966, pale ulipo ubalozi wa Marekani leo. Mnakumbuka kile kipaza sauti cha kupachika kwenye kioo cha dirisha, kinakwaruza mpaka hujui stelingi anasema nini na adui anasema nini? Sisi tusio na gari tulikaa nje ya uzio, picha tunaiona, sauti hatuna, maneno tunatunga wenyewe. Kwangu zile sinema za bei poa zina raha kuliko hizi za mamilioni ya dola. Leteni za kwenu.

Binti Upanga
Sisi tulikuwa ndani ya uzio. Jumapili watoto tumeshavalishwa nguo za kulalia, mkeka chini, sambusa na kachori, chupa ya chai ya maziwa. Lakini Jumapili ilikuwa ya picha za Kihindi, ngumi zilikuwa siku nyingine. Halafu ikaja marufuku ya magari binafsi kuanzia Jumapili mchana kwa sababu ya uhaba wa mafuta. Baba aliinung'unikia hiyo habari mwezi mzima.

Kijana wa Eastlands
Nairobi tulikuwa na Belle Vue kule Mombasa Road na Fox kule Thika Road. Yaliyonipata yalikuwa kwenye mojawapo, sitaji ipi.

Kiingilio siku hiyo kilikuwa kwa kichwa. Kaka yangu na wenzake wakaona mimi na binamu, sisi wadogo, tuingie kwenye buti la Peugeot 404 ya mjomba, tutolewe gari likishaegeshwa. Getini tukapita. Kaka akaja kufungua, ufunguo ukakatika ndani ya kufuli. Nusu mkononi mwake, nusu ndani.

Picha ya kwanza ilikuwa ya wanyonya damu. Mle ndani giza, harufu ya petroli, tairi la akiba limenichoma mbavuni, na kila mwanamke wa kwenye sinema anapopiga ukunga, binamu naye anapiga. Sasa hapo ndipo shida ilipokuwa: tukilia, majirani wanadhani ni sinema! Kaka anazunguka gari kwa gari kutafuta bisibisi, watu wanamfukuza kwa honi kwa kuwa anawakinga wasione. Binamu akanyamaza. Nikamfinya, hajibu. Nilianza kupiga bati kwa visigino mpaka kiatu kikachanika.

Picha ya kwanza ilipoisha, kabla ya ile ya pili, taa zikawashwa, ndipo baba mmoja fundi magari akasikia lile bati. Alikuja na nyundo na patasi, akaling'oa kufuli. Binamu alitolewa amelegea, jasho tupu. Akina mama wa gari la jirani wakamlaza kwenye leso, wakampepea, wakammwagia maji. Alipofungua macho, neno lake la kwanza: "Ya pili imeanza?"

Mama Tausi
Jamani! Nimesoma huku nimeshika kifua.

Sensei Temeke
Pole sana ndugu yetu wa Nairobi. Mimi nilikuwa mfuasi wa Bruce Lee. Mpaka 1979 kila mwaka anatoa mpya, na zote niliziona.

Mchambuzi Tanga
Mkuu, hapana. Bruce Lee alifariki 20 Julai 1973 akiwa na miaka 32. Baada ya hapo waliletwa wa kumwiga: Bruce Li, ambaye ni Ho Chung-tao wa Taiwan, Bruce Le, na Dragon Lee. Kwenye bango majina yanakaribia kufanana.

Sensei Temeke
Uso wake naujua. Usinifundishe.

Mchambuzi Tanga
Game of Death ya 1978 umeiona? Sehemu aliyocheza mwenyewe ni dakika chache, nyingine zote ni watu waliovishwa miwani mikubwa ya jua. Kuna mahali uso wake ni picha iliyobandikwa kwenye kioo.

Sensei Temeke
Hata kama. Adui alipoanguka uwanja mzima ulipiga honi na kuwasha taa. Hilo nalo ni la kubandika?

Mtoto wa Magomeni
Wazee wangu, taratibu. Binamu alipona?

Mbeba Boksi Ohio
Huku Drive-In bado zipo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 zilikuwa zaidi ya 4,000 Marekani nzima, leo ni mia chache. Sauti unaipata kwenye redio ya gari, FM. Zile sinema mbili kwa tiketi moja zilikuwa biashara: kampuni ya sinema ya AIP (American International Pictures) ilitengeneza picha mbili za bei rahisi, ikaziuza pamoja. Mara nyingi bango na jina vilitangulia, sinema ikatafutwa baadaye. Mtengeneza sinema Roger Corman, aliyefariki Mei 2024 akiwa na miaka 98, alipiga picha nzima kwa siku chache. Na zile za wafungwa wa kike msituni alizocheza mwigizaji Pam Grier, msitu ule ni wa Ufilipino, kulikuwa nafuu kupigia huko. Msizidharau, waongozaji wakubwa kama Coppola na Scorsese walipita kwa Corman.

Binti Upanga
Pam Grier! Dada zangu wote walifuga afro kwa ajili yake.

Dogo wa Mbagala
Shikamooni. Mimi nimekulia banda la video, yule msimulizi Lufufu anatafsiri sinema kwa Kiswahili. Nikitaka kuwaonyesha wanangu raha hiyo nifanyeje?

Mama Tausi
Funga shuka jeupe ukutani, kodi projekta, alika mtaa.

Sensei Temeke
Shuka halifai, upepo. Paka ukuta chokaa. Na usiweke maandishi ya tafsiri, waache wabishane.

Mchambuzi Tanga
Weka maandishi. Na hakikisha ni Bruce mwenyewe.

Mbeba Boksi Ohio
Usiku bila dawa ya mbu usijaribu.

Kijana wa Eastlands
Binamu alipona, na ya pili aliitazama yote akiwa juu ya paa la gari. Buti ndilo halikupona. Mjomba alilifunga kwa kamba ya katani mpaka siku alipoliuza gari.