Mvuvi asiye na hati ya mshahara anathibitishaje kipato alichopoteza?

Mkazi wa Kibirizi: Ndugu zangu, mdogo wangu ni mvuvi wa dagaa hapa Kigoma. Mwaka jana aligongwa na lori akisukuma baiskeli pembeni mwa barabara, na ingawa mfupa wa mkono wa kulia umeunga, vidole havikunji, hivyo hawezi kushika kamba ya wavu. Hulipwa kwa mgao, tena mkononi. Tukienda mahakamani, hakimu atajuaje alikuwa akipata kiasi gani?

Wakili, Mwanga: Poleni sana. Sheria haidai hati ya mshahara, inadai ushahidi. Kipato alichokwisha kukikosa tangu ajali, pamoja na gharama za matibabu, ni fidia mahsusi, ambayo lazima itajwe kwa tarakimu katika hati ya madai na kuthibitishwa kikamilifu. Maumivu, ulemavu na kipato cha miaka ijayo huingia katika fidia ya jumla, ambayo mahakama huikadiria kwa busara yake, ikitoa sababu.

Mama wa Ujiji: Mwanangu, tunza kila karatasi. Mume wangu alipovunjika nyonga tulidai nauli zote za hospitali, lakini tiketi tulikuwa tumezitupa, tukanyimwa hata senti ya nauli. Kwa upande wa kipato, kilichotuokoa ni daftari la tajiri wa mtumbwi, lenye tarehe na mgao wa kila mtu, naye alikuja mwenyewe kulitolea ushahidi.

Wakili, Mwanga: Mama amesema jambo zito. Daftari kama hilo pia litaonyesha siku za mbalamwezi, ambazo wavuvi wa dagaa hupumzika. Ukidai usiku 30 kwa mwezi, wakili wa upande wa pili atakubana hapo hapo na madai yote yatatiliwa shaka. Tuseme mgao wake ni shilingi 15,000 kwa usiku, naye huingia ziwani usiku 20: hizo ni 300,000 kwa mwezi, yaani 3,600,000 kwa mwaka. Kiasi hicho huzidishwa kwa idadi ya miaka iliyo pungufu kuliko miaka yake iliyobaki ya kufanya kazi, kwa sababu fedha hutolewa kwa mkupuo na kwa sababu mtu angeweza kuugua hata bila ajali. Akiweza kazi nyingine, kama kuanika dagaa, kipato cha kazi hiyo hupunguzwa katika hesabu hiyo. Ikithibitika kwamba naye alichangia ajali, fidia hupungua kwa kadiri ya uzembe wake.

Mkazi wa Kibirizi: Asanteni. Je, tusubiri apone kabisa?

Wakili, Mwanga: Msisubiri, ndugu yangu. Madai ya aina hii yana ukomo wa miaka 3.