Hesabu ya "mama wa kisasa" haifungi, acheni kuwatesa wanawake!

Wanajukwaa, uzi huu ni wa hasira. Anayetaka maneno ya kubembelezwa apite.

Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Tuseme 10. Hesabuni mzunguko mmoja wa usiku: dakika 30 titini, 10 za kumcheulisha, 5 za nepi, 20 za kusubiri azame usingizini, maana ukimlaza ngumi ikiwa bado imekaza, mgongo ukigusa godoro tu ameshaamka. Dakika 65. Mara 10 ni karibu saa 11. Hapo chombo hakijaoshwa na mama hajala. Halafu mtu aliyekoroma usiku kucha anauliza, "Kwani kutwa nzima unafanya nini?"

Juu ya saa 11 hizo mtandao unamrundikia tumbo bapa, uji wa rangi saba, mtoto wa kupigwa picha kila siku, na friza iliyojaa mifuko ya maziwa. Hiyo friza ndiyo inayonitibua zaidi. Mtoto wa mwezi 1 hadi 6 anayenyonya tu hutumia kwa wastani ml 750 hivi kwa siku, na titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Anayejaza friza ana ziada, basi. Na pampu si kipimo cha maziwa: faneli, kile kikombe chake kinachokaa kwenye titi, isipolingana na chuchu inaumiza, maziwa yanatoka kiduchu, wakati mdomo wa mtoto ungeyatoa vizuri. Tazameni nepi: kuanzia siku ya 5, zilizolowa ziwe 6 au zaidi kwa siku, na uzito uwe unapanda. Vikiwepo hivyo viwili, picha ya friza ya mtu mwingine inakuhusu nini?

Tumbo nalo! Mji wa mimba pekee huchukua kama wiki 6 kunywea. Aliyepasuliwa huambiwa asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake wiki hizo, nyie mnamtumia video za mazoezi. Kuogesha, mara 2 au 3 kwa wiki zinamtosha kichanga, mradi makalio na mikunjo ya shingo vinafutwa. Kutembea? Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya 2006 vinaanzia miezi 8 na kufika 17 na nusu, kwa hiyo wa jirani aliyetembea na miezi 10 hajamshinda mtu.

Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, aliandika tangu 1953 kwamba mama anayetosha huanza kwa kumwitikia mtoto karibu kila kitu, kisha humwachia asubiri kidogo kidogo kadiri anavyoweza kuvumilia. Kutosha tu. Ukamilifu mmeutoa wapi?

Na akina baba, neno "namsaidia" liacheni. Msaidizi husubiri kutumwa, na kutuma nako ni kazi: nepi zimebaki ngapi, chanjo ni lini. Chukueni kazi pamoja na kuikumbuka kwake. Usiku baba amnyanyue mtoto, abadili nepi, amlete titini, amcheulishe, amlaze. Mama anabaki na dakika 30 kati ya zile 65. Ila wiki za mwanzo msikimbilie kuruka zamu za titi ili mama alale saa 6 mfululizo. Matiti yatajaa yawe mawe, na maziwa yasipotolewa mwili hupunguza kutengeneza. Wanaotumia maziwa ya kopo hawana kisingizio, usiku ugawanywe nusu kwa nusu.

Kulialia siku za mwanzo huwapata mama wengi na huisha ndani ya wiki 2. Kukizidi hapo, au akitaja kujidhuru hata siku ya kwanza, mpelekeni hospitali, msimwambie ajikaze.

Na wewe unayechapa "mbona mama zetu waliweza", kwanza taja nyumba ile ilikuwa na watu wazima wangapi.