Nifanyeje kuifahamu kampasi kabla wanafunzi hawajafungua?

Mkutubi Mpya
Ndugu zangu, habari za kazi. Nimeajiriwa kuwa mkutubi msaidizi katika kampasi moja hapa Mtwara mjini, nami nimefika wiki iliyopita nikitokea Singida. Semina elekezi itafanyika baada ya wanafunzi kufungua, hivyo ninazo siku kumi za kujielekeza mwenyewe. Majengo mengi hayana vibao, na jana mgeni aliyeulizia ofisi ya udahili nilimpeleka bohari. Jambo hilo limenisumbua, kwa sababu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakayeniuliza njia ataniamini. Nianzie wapi?

Mzee wa Masijala
Karibu Mtwara, mwanangu. Nilifanya kazi ya masijala chuoni hadi nilipostaafu, na ushauri wangu ni mmoja: ifuate barua yako. Barua ya kuripoti kazini usimwachie tarishi peke yake. Omba ruhusa uongozane naye kutoka masijala hadi kwa ofisa utumishi, kwa mhasibu anayeshughulikia mishahara, kisha kwa mkuu wa idara yako. Kila mnapofika, uliza ni nani hutia saini, nani hukaimu asipokuwepo, na karatasi zikikwama hukwamia wapi. Ukimaliza mzunguko huo utakuwa umeyajua majengo bila kuyakariri, na watu watakuwa wameizoea sura yako kabla hujawapelekea shida. Nakumbuka mhadhiri mmoja aliyecheleweshewa mshahara kwa sababu barua yake iliwekwa katika jalada la mtu mwenye jina kama lake, na ofisini hapakuwa na aliyemfahamu kwa sura. Iliniuma sana.

Karani wa Ada
Nakubaliana na Mzee, ila kwa mtu wa maktaba ningeongeza dirisha la ada. Familia nyingi za Mtwara na Lindi hutegemea korosho, ambazo huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima huzipeleka ghalani, hupewa stakabadhi, na hulipwa baada ya kuuzwa mnadani; na minada hushika kasi kuanzia Oktoba. Mzazi anayesubiri malipo ya mnada hulipa ada kwa kuchelewa, na mwanawe, akiwa hajakamilisha usajili, atakuja kwako kuomba kuazima kitabu. Mfahamu mapema anayeshughulikia usajili, ili mwanafunzi huyo umwelekeze kwa mtu badala ya kumrudisha mlangoni.

Mwalimu wa Mikindani
Usimsahau mtunza bustani. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na njia unayoipita sasa ikiwa kavu huenda ikajaa maji wakati huo. Yeye anajua ni ipi.

Mkutubi Mpya
Shikamoo Mzee, nanyi nyote nawashukuru. Leo nimeongozana na tarishi, na tumeikuta barua yangu bado haijafunguliwa jalada. Sasa limefunguliwa na nimepewa namba. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, nitazunguka na mtunza bustani.