Fainali ya pool: wenye dau wakae nyuma ya kamba?

Mzee wa Chaki: Juzi hapa Chikongola, Mtwara, kijana wetu, aliyekwisha kupewa kombe midomoni mwa watu kabla hajashika fimbo, kafungwa na mgeni. Wenye dau walimbana mpaka hana pa kuinamia. Mimi nasema wafungiwe kamba, wakae mbali na meza.

Kusini Damu: Presha gani? Hajui! Mtaani anang'ara kwa kuwa mshindi habanduki mezani, mkono unachemka tangu asubuhi. Mpira mweusi wa kumalizia ulikuwa mdomoni mwa shimo, kaukosa.

Mzee wa Chaki: Ulimwangalia lakini? Mwanzoni anapaka chaki, anazunguka meza, anapima, ndipo anapiga. Jamaa alipopaza sauti "nimekuwekea hela ya salfa ya mikorosho, usiniangushe", chaki akaisahau. Anainama, anapiga hapo hapo.

Binti Mikindani: Kamba haitibu kitu. Steve Davis, snuka, ndugu yake pool, 1985, bingwa mtetezi wa dunia, katangulia 8-0 fainali, ukumbi kimya akipiga. Kafungwa 18-17, mweusi wa mwisho. Mzigo uko kichwani.

Lindi Kwetu: Meza ya snuka ni kubwa kama uwanja wa mpira wa Nangwanda, usitufananishie. Na mbona hamsemi aliyewafunga katoka Lindi? Mtwara mkiona meli bandarini mnajiona Dar.

Kusini Damu: Lindi ipi? Yule wa Nachingwea.

Lindi Kwetu: Nachingwea iko mkoa gani, mwalimu?

Kusini Damu: Kwenye ramani, wenu. Sokoni wanashukia Masasi, kwetu.

Lindi Kwetu: Basi na kombe lenu liko Masasi, kalichukueni 😂

Bi Mkubwa: Wanangu, mtu kaweka hela ya salfa kwenye pool, nyie mnagombea mikoa? Ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, haungoji fainali.

Kusini Damu: Shikamoo mama. Salfa si ya ruzuku siku hizi? Hela ya nini tena?

Bi Mkubwa: Marahaba. Anayebeba pampu shambani analipwa na ruzuku? Mafuta ya pampu je? Hujawahi kupulizia hata mkorosho mmoja wewe.

Kusini Damu: Mama, nimezaliwa Newala!

Binti Mikindani: Kuzaliwa Newala si kupulizia, kaka.

Mzee wa Chaki: Jamani, kamba. Tunafunga au hatufungi?

Kusini Damu: Mzee subiri kwanza, nimeitwa mvivu hapa.

Lindi Kwetu: Fungeni hata ukuta. Marudiano kwetu, pweza tutawachomea, hela ya salfa mje nayo.