Nimepigiwa Makofi ya Kilo kwa Kuchelewa Dakika Mbili

Walimu wenzangu wa Kisumu, yule mkubwa wetu shuleni mnayemjua, mwenye funguo nyingi kuliko askari jela, leo asubuhi amesimama gwarideni akatangaza kwamba nimefika saa 1:32 badala ya saa 1:30, kisha akawaamuru wanafunzi wote wanipigie makofi ya kilo, yale ya mpigo maalum ya kumpongeza mtu. Ya kilo! Hata watoto wa chekechea, ambao kuimba wimbo wa taifa bado kunawashinda, hawakukosea kofi hata moja.

Mtu huyu hajawahi kuniuliza ninavyofundisha wanafunzi 87 katika chumba kimoja, wanne wanne kwenye madawati ya wawili, chini ya mabati ambayo kufikia saa saba mchana yanaweza kukaanga omena bila mafuta, na ambayo mvua ikinyesha hunilazimu kufundisha kwa ishara kama refa. Muhula ukiisha tutaketi naye kujaza fomu za TPAD, zile za kutathmini utendakazi wa mwalimu, naye atataka kujua kwa nini alama zimeshuka. Nilipoingia darasani, mtoto wa dawati la mbele alinipigia tena yale makofi, tena kwa nia njema kabisa.

Chaki ya Mwisho, Nakuru: Pole, mwalimu. Mimi nina miaka 14 kazini na sijapigiwa kofi hata moja, kwa hivyo sielewi unacholalamikia.

Mwanagenzi, Busia: Nyinyi wenye ajira ya kudumu mnalilia makofi. Sekondari Msingi, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, ilipoanza mwaka 2023, sisi wanagenzi tuliahidiwa shilingi 20,000 kwa mwezi, makato yakiwa bado hayajapita, na mimi niliyesomea Kemia nikakabidhiwa pia Kilimo na Sanaa. Maabara yangu ni ndoo.

Chaki ya Mwisho, Nakuru: Ina mfuniko?

Mwalimu wa Zamu, Bungoma: Afadhali ndoo. Kwetu chai ya saa nne imekuwa maji ya rangi, na anayethubutu kuuliza maziwa yalikokwenda hupangiwa zamu wiki tatu mfululizo, kama nilivyopangiwa mimi.

Mwenye uzi: Jamani, nilikuwa nikizungumzia makofi ya kilo.

Mwanagenzi, Busia: Tumesikia. Mwalimu wa Bungoma, hiyo chai huja na mandazi?

Mwalimu wa Zamu, Bungoma: Nusu andazi, na nusu ya pili huliwa ofisini kwa mkuu.