IST ya 2004: pedi ya ndani imeisha peke yake, na gia ya R inachelewa kushika

Mteremko_Manyovu

Wakuu, heshima kwenu. Gari ni Toyota IST ya 2004, injini 1NZ, otomatiki, kilomita 210,000. Inapiga kazi Kigoma mjini na Manyovu, mara moja moja Kasulu.

Mbele kushoto pedi ya ndani imebaki kama karatasi, ya nje bado iko nusu. Kulia zimeliwa sawa. Kwenye miteremko ya Manyovu ukikanyaga breki usukani unatetemeka, na mkikaribia Mwandiga pedeli inakuwa laini. Halafu asubuhi ukitia R (gia ya kurudi nyuma) inakaa kama sekunde mbili ndipo inashika. Haidroliki (mafuta) ya gia haijulikani ilimwagwa lini, kwenye stiki ya kupimia ni ya kahawia.

Fundi anasema: pedi mpya, diski zikerezwe, giaboksi isiguswe kabisa maana haidroliki mpya itaiua. Nifuate lipi?

---

Spana_17

Ukiweka pedi mpya bila kujua kwa nini ya ndani imeisha peke yake, utanunua nyingine mapema sana. Kalipa (chuma kinachobana pedi kwenye diski) ya gari hiyo ina pistoni moja upande wa ndani. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa yenyewe inateleza kwenye pini zake kuivuta ya nje. Pini zikikamata, ya ndani inafanya kazi ya zote mbili. Pistoni ikigoma kurudi, matokeo yanafanana. Kwa hiyo pima kwanza.

Legeza nati za tairi (namba 21) gari likiwa chini, ziba matairi ya nyuma kwa mawe, piga jeki, weka stendi. Fungua boliti ya chini ya kalipa, namba 14, uinue kalipa juu. Ukifungua zote mbili, ifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwenye mpira wa breki (bomba laini linaloleta mafuta).

Chomoa pini. Inatakiwa itoke kwa vidole. Ikiwa na kutu, pitisha msasa laini. Ikiwa imechimbika, nunua nyingine. Angalia ipi ilikuwa juu na ipi chini, maana kalipa nyingi za Toyota zina pini moja yenye kipande cha mpira kwenye ncha na hazibadilishani nafasi. Mipira ya kuzuia vumbi ikipasuka badilisha, la sivyo vumbi na mvua vitarudisha tatizo lilelile. Grisi iwe ya breki, ya silikoni. Ile ya bearingi inavimbisha mpira na pini inakamata tena.

Sasa pistoni. Irudishe ndani taratibu kwa klampu ukitumia pedi ya zamani kama kibao. Ikiwa nzito, fungua nipo ya kutolea upepo, ujaribu tena. Ikiwa nyepesi baada ya kufungua nipo, mpira wa breki umeziba kwa ndani: unapitisha presha kwenda lakini hairudi. Ikibaki nzito, pistoni imekamata kutu, inahitaji sili mpya na pengine pistoni yenyewe. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanabadilisha kalipa nzima kumbe ni mpira.

Kuhusu kutetemeka: mara nyingi diski haijapinda, unene wake ndio umetofautiana. Pima kwa maikromita sehemu nane kuzunguka diski. Tofauti ya 0.02 au 0.03 ya milimita inatosha kuleta mtetemo. Venia (rula ya kubana) itakudanganya kwa sababu ya ukingo uliobaki pembeni. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umeandikwa kwenye diski yenyewe. Kama imebaki chini ya milimita moja kufika hapo, usikereze, nunua mpya mbili. Diski nyembamba inashika joto haraka, na kwa njia yenu ya Manyovu hilo si jambo la kuchezea. Ikiwa nene ya kutosha, kereza zote mbili. Na kabla ya kuirudisha, safisha habu (kitako diski inapokaa) kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Punje ya kutu chini ya diski inaifanya icheze.

Pedi badilisha kushoto na kulia pamoja. Kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu KABLA ya kuondoa gari, wengi wamegonga ukuta wa gereji hapo. Kisha zizoeshe: kutoka spidi 50 kwenda 10, mara nane hivi, ukiziacha zipoe katikati. Usisimame umekanyaga zikiwa za moto.

---

Reli_ya_Kati

Naongezea mambo ya nyuma, watu huyasahau. Nyuma ni dramu. Zikiwa hazijarekebishwa, mbele inabeba mzigo wote na ndiyo inapata moto.

Shusha handbreki. Dramu ikigoma kutoka usiipige nyundo ovyo: ina matundu mawili ya boliti za 8, zipige ndani kwa zamu, inasukumwa yenyewe. Lainingi ikikaribia milimita 1 imekwisha. Inua mipira ya wili silinda (silinda ndogo inayosukuma shuu). Ukiona majimaji, badilisha, na shuu zilizolowa usizirudishe hata ukiziosha kwa petroli. Fungua upande mmoja tu kwa wakati, mwingine uwe picha yako ya kurudishia springi.

Pedeli kulainika mteremkoni ni mafuta ya breki yenye maji. Yanavuta unyevu wa hewa. DOT 3 (daraja la mafuta ya breki) mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, iliyoshika maji inaweza kushuka mpaka 140, na ikichemka kwenye kalipa unakanyaga mvuke. Badilisha yote, lita moja inatosha. Anza nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, malizia mbele kulia. Kanyaga, fungua nipo, funga, ndipo uachie. Mafuta kwenye kopo la masta silinda (pampu ya breki) yasishuke chini ya MIN. Na usizamishe pedeli mpaka sakafuni kwenye gari la umri huo. Masta silinda ina kutu sehemu ambayo sili haijawahi kufika, utaichana.

---

Gia_Nne

Kwenye giaboksi fundi wako ana nusu ya ukweli. Giaboksi iliyokwisha kuteleza haiponywi na haidroliki mpya, na kuisafisha kwa mashine yenye presha kunaweza kung'oa uchafu ukaziba njia. Lakini kahawia isiyonuka kuungua inabadilishwa, bila wasiwasi, kwa kumwaga na kujaza tu. Ingekuwa nyeusi, inanuka kuungua na ina vumbi la chuma, ningesema weka akiba ya giaboksi.

Kwanza kipimo. Gari lipate moto wa safari, liwe sehemu tambarare, injini kwenye silensa (inawaka bila kukanyaga mafuta), pitisha gia zote kutoka P mpaka L urudi P, ndipo uvute stiki usome upande wa HOT. Haidroliki ikipungua, R inachelewa asubuhi. Huenda ndiyo shida yote. Kipimo kikiwa sawa, huenda sili za ndani zimekuwa ngumu kwa umri.

Hiyo ya 2004 ni ya gia nne, inatumia Toyota T-IV. IST za kuanzia 2007 zenye injini ya 1.5 nyingi ni CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na gia za hatua), haidroliki yake ni nyingine kabisa, usichanganye. Ukimwaga zinatoka karibu lita 3 kati ya 7, kwa hiyo pima zilizotoka, rudisha kiasi hicho kupitia tundu la stiki. Rudia baada ya kilomita elfu moja, na tena. Mara tatu zinakupa kama asilimia 80 mpya.

Ukishusha sampo (karai la chini la giaboksi) kuosha chujio, tope la kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa macho si kawaida. Boliti za sampo zinakatika kirahisi, kaza kwa mkono mwepesi. Silikoni iwe uzi mwembamba, inayobaki inaishia kwenye chujio.

Na kwenye mteremko: zima O/D (ovadraivu, gia ya juu kabisa), ukihitaji weka 2 kabla hujaanza kushuka. Injini ishike gari, breki zipumzike.

---

Mteremko_Manyovu

Shukrani wakuu. Hapa mjini naona DOT 4 ndiyo imejaa. Na haidroliki ya kupima kwa lita, vipi?

---

Reli_ya_Kati

DOT 4 weka, inachanganyika na 3. DOT 5 ya silikoni usiguse. Kopo liwe na sili, lililofunguliwa dukani limeshavuta unyevu. Ikidondokea bodi, mwaga maji hapohapo, inakula rangi.

Gia_Nne

Ya kupima achana nayo, hujui ni T-IV au ya usukani. Kama Kigoma hamna, agiza galoni Dar ije na basi.